Sarufi ya Lugha ya Kubuni: Unamlazimisha Msemaji Aseme Nini?

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuunda sarufi ya lugha ya kubuni, basi niingie moja kwa moja.

Wengi wanaoanza kazi hii huanzia kwenye msamiati. Mtu anakaa na daftari, anatunga jina la maji, la moto, la mama, na akifikisha maneno mia mbili anatangaza kwamba ana lugha. Hana. Mwambie atafsiri "nyumba ilikuwa imejengwa", utamwona anayapanga maneno yake mapya kwa mpango uleule wa lugha aliyolelewa nayo, neno kwa neno.

Kwa maoni yangu, kuunda sarufi ni kuamua msemaji atalazimika kusema nini kila anapofungua kinywa. Usipoamua wewe, lugha mama ya kila msemaji itakuamulia, na wasemaji wenyewe watafika mahali wasielewane.

Tutazame lugha yetu kwanza. Nikisema "kimevunjika", sijataja kitu, lakini tayari mnajua si mtu wala si mti. Kiswahili kimenilazimisha nitoe ngeli nipende nisipende. Hapohapo hakinilazimishi kueleza kama aliyefika ni mwanamke au mwanamume. "Amefika" inatosha, wakati Mfaransa hana budi kuchagua.

Je, mzigo huo wa ngeli unatulipa nini? Sikilizeni: "Kiti amekivunja Juma." Shamirisho limetangulia, kiima kimekuja mwisho, na hakuna hapa ukumbini aliyedhani kiti kimemvunja Juma. Kiambishi *ki* kimekishika kiti, *a* imemshika Juma. Sasa tuseme "Paka amemwona mbwa." Wote wawili wa ngeli moja, viambishi havitusaidii tena, na mpangilio wa maneno ndio unaobeba mzigo. Ukibuni lugha, swali la nani kamtenda nani lazima ulijibu mapema. Una upatanisho wa ngeli, una mpangilio, au una alama kwenye nomino yenyewe.

Ludwik Zamenhof, aliyeunda lugha ya Kiesperanto, alichagua alama. Alikuwa daktari wa macho, mzaliwa wa Białystok, na kitabu chake cha kwanza cha Kiesperanto kilitoka Warsaw mwaka 1887, kikiwa kimeandikwa kwa Kirusi. (Waliokuwa Arusha Agosti 2024, kongamano la dunia la Kiesperanto lilipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, waliisikia lugha hii mubashara.) Nomino zake zote huishia na *o*, vivumishi na *a*, wingi huongezwa *j*, na shamirisho hupewa *n*. "La kato vidas la hundon", paka anamwona mbwa. Geuza: "La hundon vidas la kato." Bado paka ndiye anayeona. Na *n* hiyohiyo aliipa kazi ya pili, ya kuonyesha mwelekeo: "Mi saltas en la domo" ni kwamba niko ndani ya nyumba narukaruka, "en la domon", naruka kuingia ndani. Konsonanti moja, kazi mbili. Mimi hapo namvulia kofia.

Wasemaji wengi wa Ulaya hawakumvulia. Ambao lugha zao hazina alama kama hiyo waliisahau kila mara. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe alipeleka mapendekezo ya marekebisho, kuiondoa *n* yakiwamo, na wasomaji wa gazeti la lugha hiyo wakapiga kura wakayakataa. Baadaye, mwaka 1907, kundi lililojitenga likaja na lugha yake, Ido, ambamo *n* hutumika pale tu shamirisho linapotangulia kiima. Nadhani hao walipotea njia. Kanuni unayoitumia kila siku inakaa ulimini. Ile ya msimu ndiyo inayosahaulika.

Sasa twende kwenye zile kanuni 16 zinazosifiwa sana. Sarufi nzima ya Kiesperanto, wanasema, inaenea kwenye kurasa chache. Kweli zinaenea, ila zisomeni kwa makini mwone kilichoachwa. Zinaeleza kwamba kauli ya kutendwa huundwa kwa kitenzi *esti*, yaani kuwa, pamoja na umbo lenye *at* au *it*. Basi "la domo estis konstruata" ni nini, na "estis konstruita" ni nini? Sisi tuna maumbo matatu: ilikuwa inajengwa, ilikuwa imejengwa, na ilijengwa tu. Kiesperanto kina hayo mawili na lazima yagawane kazi ya matatu. Hiyo "ilijengwa mwaka 1905" iende wapi?

Watu waligombana juu ya jambo hili kwa miongo kadhaa. Kambi moja ilisema *it* ni tendo lililokamilika, kwa hiyo "konstruita". Nyingine ikasema viambishi hivi vinaonyesha wakati tu, na kwa kuwa ujenzi ulitokea wakati huohuo wa *estis*, lazima iwe "konstruata". Na mgawanyiko ulifuata sana lugha za kuzaliwa: wasemaji wa Kijerumani na lugha za jamaa yake walielemea kambi hii ya pili. Akademia ya Kiesperanto iliamua mwaka 1967, ikaipa ushindi *it*. Hesabuni: miaka 80 baada ya kitabu cha kwanza.

Volapük, iliyotangulia Kiesperanto, ya padre Mjerumani Johann Martin Schleyer, nitaipita haraka. Walioikosoa walilalamikia vitenzi vyake vizito: *älöfob*, nilipenda, ambapo *ä* ni wakati, *löf* ni mzizi, *ob* ni mimi. Mswahili hapo anauliza, uzito uko wapi? Kilichoimaliza zaidi ni ugomvi wa nani mwenye neno la mwisho juu ya marekebisho.

Wapo pia wasiotaka urahisi hata kidogo. Marc Okrand, mwanaisimu Mmarekani, alipounda Kiklingon kwa ajili ya filamu, alikusudia kiwe kigeni masikioni mwa binadamu. Akaweka shamirisho mbele, kitenzi katikati, kiima mwisho: "puq legh yaS", afisa anamwona mtoto, na *puq* ndiye mtoto. Mpangilio huo ni adimu duniani, ingawa upo, kwa mfano katika Kihixkaryana cha Brazil. Halafu tazameni "qalegh", nakuona. Sisi "na" na "ku" tunaweza kuvitenganisha. Kwake *qa* ni kipande kimoja kinachobeba mimi na wewe kwa pamoja, hakikatiki.

Kabla ya maswali, kazi ya nyumbani kwa wenye daftari zao za lugha. Tafsirini "Juma alimpa Ali kitabu chake." Kwetu kitabu kinaweza kuwa cha Juma au cha Ali, na hatulazimiki kusema. Kiesperanto kinalazimisha: *sian* kikiwa cha Juma, *lian* kikiwa cha Ali au cha mwingine. Amueni lugha yenu itafuata njia ipi, kisha mpeni rafiki asome tafsiri bila ninyi kumweleza chochote, na mwandike alichoelewa.

Haya, nani anaanza kuuliza?