Anayekuuzia Bando Asikuchagulie Tovuti

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu wote habari za jioni. Asanteni kwa kuja pamoja na foleni ya Morogoro Road.

Mfikirieni binti wa Mbagala aliyemaliza kidato cha sita. Ana bando la WhatsApp tu, maana ndilo aliloweza kununua. Chuo kimetoa majina ya waliochaguliwa kwenye tovuti yake. Anabonyeza linki, inazunguka, haifunguki. Anaandika kwenye grupu: "Jamani, mwenye bando la kawaida anifungulie, anirushie skrinishoti." Kisha anasubiri huruma ya mtu. MB anazo na mtandao unashika vizuri, ila MB zake zimeshapangiwa pa kwenda.

Tunachokizungumzia leo ni usawa wa mtandao, hoja ambayo profesa wa sheria wa Marekani, Tim Wu, aliipa jina mwaka 2003. Kampuni inayokuuzia intaneti isafirishe data zako zote kwa haki: isifunge tovuti, isiipunguzie kasi, isilipwe ili nyingine ipite mbele. Uniti za umeme za Luku haziulizi kama unapiga pasi au unachemsha chai.

Wapo wanaosema kampuni haina faida yoyote katika kumfungia mteja. Inayo. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya simu ya Marekani, Madison River, iliwafungia wateja wake huduma ya Vonage ya kupiga simu kwa intaneti, wakati yenyewe inauza simu za kawaida. Ikalipa dola 15,000 na kuahidi kuacha. Mwaka huohuo, Kanada, kampuni ya simu ya Telus ilikuwa kwenye mgogoro na wafanyakazi wake. Ikafunga tovuti iliyokuwa ikiwaunga mkono. Kwa kuwa ilifunga anwani ya seva nzima, yaani kompyuta inayobeba tovuti nyingi kwa pamoja, mamia ya tovuti zisizohusika zikafungwa nayo. Hakuna serikali iliyoamuru hayo.

Sasa naomba tukae hapa kidogo. Ili mtandao ujue kwamba MB hii ni ya WhatsApp na ile ni ya tovuti ya chuo, lazima njiani kuwe na mtambo unaotambua kila mawasiliano yanaelekea wapi. Mtambo huo hauwezi kusoma ulichoandika, kimesimbwa, yaani kimefichwa kwa msimbo. Lakini mtambo unaiona anwani ya seva unayoiendea, na mara nyingi hata jina la tovuti. Mtambo ukishajua unakwenda wapi, kukutoza bei nyingine, kukupunguzia kasi au kukufungia kabisa ni kubadilisha mpangilio tu. Uwezo ni uleule. Ndiyo maana sikubali tushangilie bando la mitandao ya kijamii asubuhi, halafu jioni tushangae tovuti inapofungwa.

Na sisi hapa tunajua kufungiwa. Mei 2025 mtandao wa X, zamani Twitter, ulifungwa hapa Tanzania. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa. Amri inaweza kutoka kwingine, lakini lazima ipite kwenye mitambo ya mtoa huduma.

Hoja ya upande wa pili naiheshimu: bila bando la bei ndogo, mama lishe wa Buguruni asingeingia mtandaoni kabisa. Facebook ilileta hoja hiyohiyo hapa mwaka 2014, kupitia Tigo, kwa mpango wa Internet.org wa kufungua tovuti chache bure. India mpango huo ulifika mwaka 2015 na baadaye ukaitwa Free Basics, na Februari 2016 mdhibiti wa mawasiliano, TRAI, akapiga marufuku bei kutofautiana kulingana na tovuti. Je, maskini wa India walibaki gizani? Septemba mwaka huohuo kampuni ya simu ya Jio iliingia sokoni na data ya intaneti yote, bure mwanzoni, kisha kwa bei ya chini sana. Kampuni zinaweza kushindana kwa bei bila kumchagulia mteja pa kwenda.

Marekani wenyewe wameyumba: kanuni zao za usawa wa mtandao za 2015 zilifutwa 2017, zikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama ikazitupa. Chile iliandika usawa huu ndani ya sheria yenyewe mwaka 2010, na mimi naona hiyo ndiyo njia yetu. Tunayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010; Bunge linaweza kuirekebisha.

Sheria hiyo iseme kwamba bando dogo la siku, hata la MB chache, liwe la intaneti yote. Na tovuti ikifungwa, mteja asiachiwe ukurasa unaozunguka kana kwamba simu yake ndiyo mbovu: aandikiwe palepale nani ameamuru, kwa kifungu kipi, na akate rufaa wapi.

Karibuni maswali.