Joto Husafiri kwa Kusi na Kaskazi

Hamjambo, wazee wangu na vijana. Naona kila mtu kavaa sweta. Nairobi ya Julai ndiyo hii. Tuanze na sufuria hizi mbili. Zimetoka motoni pamoja kabla sijasimama hapa, moja tupu, nyingine ina maji. Binti uliyekaa mbele, hebu njoo uziguse. Ile tupu imeshapoa, sivyo? Ya maji bado inakupasha kiganja. Sasa fikirieni bahari: takriban mita 3 tu za juu zinabeba joto sawa na hewa yote iliyoizunguka dunia.

Mimi nimekulia Lamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, na alfajiri kabla ya kusukuma mashua alichovya mguu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kusi imeshika," yaani upepo wa msimu utokao kusini umeanza. Kipimajoto hakuwa nacho, lakini hakukosea. Maji ya pwani yetu hufika karibu nyuzi 29 kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, inapoisha, na Agosti hushuka hadi 25 hivi.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hushuka kusini. Hukutana na mkondo wetu unaopanda kutoka Tanzania, na yote miwili hugeukia bahari kuu. Kusi ikiingia, mkondo wa Somalia hugeuka mzimamzima. Unakimbia kaskazini zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Ukitembea haraka ufukweni utakuacha. Upepo husukuma maji ya juu mbali na pwani, na ya chini, yenye baridi, huibuka. Karibu na Ras Hafun, kule Somalia, huwa chini ya nyuzi 20, katika jua lile kali!

Yale maji ya moto yanakwenda wapi? Hapa ndipo ninapopapenda mno. Ingawa mkondo wa pwani unakimbia kaskazini, huko bahari kuu upepo ule, ukisaidiwa na mzunguko wa dunia, huyasukuma kusini, yakavuka ikweta. Joto la kiangazi cha kaskazini linapelekwa upande ambao wakati huo una kipupwe. Kaskazi ikirudi, safari hugeuka. Ila ukijumlisha mwaka mzima, kusini ndiko kunakopokea zaidi, kwa sababu juu kule Asia imeziba njia. Joto halina mlango mwingine.

Na sisi wa bara tumo. Mawingu haya mazito yanayotunyima jua yanaletwa na pepo za kusi zilizopita juu ya bahari iliyopoa. Mwaka 2019 maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, ya upande wa Indonesia yakapoa. Vuli ikagoma kukatika. Novemba ile milima iliporomoka Pokot Magharibi, watu wakafukiwa usiku wakiwa wamelala. Ndiyo maana mtabiri wa vuli huanza kwa kupima joto la bahari, upande wetu na upande wa Indonesia, miezi kabla tone la kwanza halijaanguka.

Binti, iguse tena ile ya maji, kisha nitapokea maswali.