Edward, jina lililonusurika

Ndugu zangu, nani hapa hajawahi kupeleka uji wodini? Hiyo wodi tumeichukua kwa Waingereza, na kwao asili yake ni weard, yaani ulinzi, au mlinzi mwenyewe. Tangulizeni ead, mali au neema, mnapata Eadweard: mlinzi wa neema. Ndiye Edward wetu. Ila maana hizi msizikamate sana. Wazee wale waliunga vipande vya majina ya ukoo bila kujali vinapatana au la; walikuwa hata na Wigfrith, "vita-amani", mradi mtoto ana jina!

Kabla ya 1066 walikwisha kutawala wafalme watatu walioitwa Edward. Wa mwisho, yule mcha Mungu aliyejenga abasia ya Westminster, alikufa Januari ya mwaka huo. Oktoba Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, wakawashinda Waingereza pale Hastings, na majina ya Kiingereza yakaanza kunuka ushamba. Mzazi anayemtakia mwanawe makubwa akamwita William, Robert au Richard. Akina Wulfstan wakafifia, na Edward alikuwa njiani kuwafuata.

Aliyemwokoa ni Henry wa Tatu, mfalme wa uzao wa wavamizi hao hao. Alimpenda mno marehemu wa Westminster, ambaye tangu 1161 Kanisa lilikuwa limemtangaza mtakatifu. Alipopata mwana mwaka 1239, akampa jina hilo la kizamani. Mtoto akaja kutawala, akaitwa Edward wa Kwanza! Wale watatu wa kale wakarukwa, maana hesabu ilianzia kwa Wanormani. Akafuata mwanawe Edward, kisha mjukuu wake Edward.

Philippa, mjukuu wa huyo Edward wa Tatu, akaolewa na mfalme wa Ureno mwaka 1387. Mwana wao akaitwa Duarte, ndiyo Edward kwa Kireno. Na Mreno aliyeandika habari za Kilwa, Mombasa na Malindi mwanzoni mwa karne ya 16 ni nani? Duarte Barbosa. Pwani yetu ilimjua Edward kwa Kireno zamani sana kabla ya akina Sokoine na Lowassa.

Lile Ziwa Edward, kati ya Kongo na Uganda? Mvumbuzi Stanley alilipa jina la mwana wa Malkia Victoria, Albert Edward. Nyumbani kwao walimwita Bertie.