Nyama mbichi au chakula kikavu: nani amepiga hesabu ya bakuli la mbwa?

BARAKA: Karibuni kipindini. Mimi Baraka, niko na dada Rehema kama kawaida. Leo tunaligusa lile jambo linalowagombanisha wafugaji wa mbwa: umpe nyama mbichi au chakula kikavu cha mfuko? Nisiwafiche, mimi ni mtu wa nyama.

REHEMA: Hilo halikuwa siri, kaka. Haya, jitetee.

BARAKA: Tazama meno yake tu. Yule ni mbwa mwitu aliyekubali kulala mlangoni. Mbwa mwitu gani amewahi kula punje za mahindi?

REHEMA: Meno nimeyaona, sasa shuka mpaka tumboni. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden na wenzao walitangaza matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu. Kuna jeni iitwayo AMY2B, ndiyo inayoiagiza kongosho itoe kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa mwitu ana nakala 2. Mbwa wa nyumbani wakakutwa na kuanzia 4 hadi 30. Huyu amekula makombo ya wakulima kwa maelfu ya miaka, na mwili ukazoea. Hiyo hoja ya mbwa mwitu mimi huwa hainisogezi.

BARAKA: Kuweza kumeng'enya wanga si kuuhitaji.

REHEMA: Hapo nakubali. Mbwa mzima anaweza kuishi bila wanga. Lakini hoja hiyo inakuruhusu kupunguza wanga tu. Haikuruhusu kumtupia minofu ukaondoka zako.

BARAKA: Basi na hicho kikavu tukiseme. Kilizaliwa dukani. James Spratt, Mmarekani, alianza kuuza biskuti za mbwa London miaka ya 1860. Kisha mwaka 1957 kampuni ya Purina ya Marekani ikaleta punje za leo: rojo la unga na nyama linasukumwa kwa mvuke na mgandamizo, linatoka kwenye tundu limefura, linakatwa, linakaushwa, halafu linanyunyiziwa mafuta ili mbwa alipende. Joto lile linaharibu baadhi ya vitamini, kiwanda kinalazimika kuzirudisha.

REHEMA: Hapo hapo! Ukirudisha, maana yake umepima. Kwangu mimi huo ndio ugomvi wote. Sijali sana ubichi wala ukavu, nauliza nani amepiga hesabu ya bakuli hili. Minofu mitupu ina fosforasi tele na kalsiamu karibu na hakuna. Kwa kila sehemu 1 ya kalsiamu unakuta fosforasi 15 au zaidi. Mbwa anataka kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, au izidi kidogo. Isipotoka kwenye chakula, mwili unaichota kwenye mifupa. Mtoto wa mbwa anayelishwa minofu peke yake mifupa inalainika, miguu inapinda, na anaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Na mwenye mbwa anasema, "Lakini nilikuwa nampa nyama safi!"

BARAKA: Ndiyo maana sisi tunaweka mifupa. Asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 10 ini na viungo vingine vya ndani.

REHEMA: Mfupa umeleta kalsiamu, sawa. Zinki iko wapi? Manganizi? Vitamini E? Madini joto? Mgao huo unakumbukika kirahisi, ndiyo sifa yake kubwa. Na kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa, kalsiamu ikizidi nayo inaharibu mifupa, kwa sababu utumbo wa mtoto hauwezi kuikataa inayozidi. Ini likizidi, vitamini A inakuwa sumu. Halafu kuna koo la ng'ombe.

BARAKA: Koo limekosa nini tena?

REHEMA: Likikatwa vibaya linakuja na vipande vya tezi dundumio, ile tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili. Homoni yake haiharibiki tumboni, inaingia kwenye damu. Mbwa anakonda huku anakula, moyo unakwenda mbio, hatulii. Daktari anapima damu, anashangaa. Ukiacha kumpa koo, anarudi kawaida.

BARAKA: Hiyo sikuijua. Lakini nipe na haki yangu. Kinyesi cha mbwa wa nyama ni kidogo na hakisumbui pua.

REHEMA: Kweli kabisa, nyama inameng'enywa zaidi, kinachobaki ni kichache.

BARAKA: Na protini. Watu wanasoma mfuko wa kikavu, asilimia 26. Wanasoma pakiti ya mbichi, 13. Wanasema kikavu kimeshinda mara mbili. Wamesahau maji! Mbichi ni maji asilimia 70 hivi, kikavu kama 10. Toa maji: mbichi inabakiwa na gramu 30 kwa kila 100, na 13 kati yake ni protini, yaani asilimia 43. Kikavu kinabakiwa na gramu 90, protini 26, kama asilimia 29.

REHEMA: Umeona? Ukipiga hesabu hata mimi nakunyamazia. Haya, vijidudu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya wanyama wa nyumbani kati ya 2010 na 2012. 15 zilikuwa na Salmonella, 32 zilikuwa na Listeria. Na friza haiui Salmonella, inailaza tu. Mbwa mwenyewe anaweza asiugue hata siku moja, lakini anaitoa kwenye kinyesi, na ulimi uliotoka bakulini unakwenda kwenye uso wa mtoto.

BARAKA: Kikavu nacho kimewahi kurudishwa viwandani kwa Salmonella, mwaka 2012 huko huko Marekani, na watu waliugua. Sumukuvu kwenye mahindi nayo imeua mbwa.

REHEMA: Imeua, sikatai. Ila kikavu kimepitia moto, uchafu ukiingia ni kosa la kiwanda. Mbichi kwa kawaida haina hatua ya kuua kitu. Hiyo siyo ajali, ndivyo ilivyo.

BARAKA: Na anayetaka nyama halisi, hataki mifuko?

REHEMA: Apike. Mbona mnausahau moto? Nyama ipikwe, mifupa itolewe kabisa kwa sababu uliopikwa unapasuka vipande vikali, kalsiamu iwekwe kwa unga uliopimwa, na mapishi yaandikwe na daktari wa mifugo aliyebobea kwenye lishe. Mfuko nao usinunue kwa picha ya mbele. Geuza nyuma, utafute maneno yanayosema ni chakula kamili, na kwa mbwa wa umri gani.

BARAKA: Na mbishi kama mimi anayebaki na mbichi?

REHEMA: Mbishi awe na sinki yake ya bakuli la mbwa, anawe mikono, na mabaki yasilale sakafuni. Lakini nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mgonjwa, hapo hakuna mjadala.

BARAKA: Kwangu hakuna hata mmoja.

REHEMA: Mama mkwe anahamia lini vile?

BARAKA: Dada, hayo tuyaongee maikrofoni ikizimwa.