Mtoto Hatembei kwa Rula

(Mhadhara kwa walimu, maafisa elimu na vijana wa kompyuta, Mwanza)

Wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo. Wapo humu waliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili la kompyuta kupangia watoto shule. Wavumilie, maana nitalisema tena.

Mwaka 2020 jiji la Göteborg, Uswidi, liliipa kompyuta kazi ya kupangia watoto shule. Kwao elimu ya msingi inafika darasa la tisa, na waliopangwa ni wale wanaohamia shule za madarasa ya juu. Moja ya vigezo ilikuwa umbali kutoka nyumbani. Safi kabisa, nani atapinga? Sasa jiji lile limepasuliwa na mto mkubwa, na programu ilikuwa inapima umbali kwa mstari ulionyooka, nukta hadi nukta, juu ya maji. Mtoto anaiona shule ng'ambo, kompyuta inasema iko karibu, lakini ili afike lazima azunguke mpaka kwenye daraja au kivuko. Watoto kama 700 walipangwa isivyo.

Subirini, utamu bado. Wazazi wakalalamika, wakaambiwa kila mmoja akate rufaa kivyake. Mama mmoja, mwanasheria, akaona huu mchezo, maana kosa ni la mfumo mzima. Akalishtaki jiji. Mahakama ikamtaka yeye ndiye athibitishe kwamba programu ilikosea. Programu yenyewe hajaiona! Ataithibitishaje? Akashindwa. Baadaye wakaguzi wa jiji lenyewe wakakiri kwamba umbali ulipimwa kwa mstari. Na watoto? Wengi wakabaki walikopangwa. Hao ni Waswidi, wenye kila barabara kwenye ramani ya kompyuta.

Sasa njooni kwetu. Ukisimama Kamanga, ng'ambo ya ziwa, unaiona Mwanza ile pale. Rula inasema karibu, kivuko kinasema subiri. Najua kuna atakayeniambia, "Mzee, siku hizi tuna daraja." Ndiyo, lile la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu, limefunguliwa Juni 2025, nami nalishukuru kama wewe. Lakini liko Kigongo, haliko mlangoni kwa mtoto wa Kamanga. Na msidhani ni ziwa tu. Pandeni Bugarika, pandeni Igogo, muone nyumba zilivyokaa juu ya mawe. Majirani wawili wanasalimiana dirishani, ila mmoja akitaka kwenda kwa mwenzake anashuka mpaka barabarani kisha anapanda upya. Mabatini, mvua ikikolea Mto Mirongo unajaa, na njia ya asubuhi siyo njia ya mchana. Kuna na Barabara ya Nyerere: mita chache tu kwa rula, lakini mwulize mama yeyote kama atamwachia mtoto wa miaka sita aikatize peke yake katikati ya malori na daladala.

Mtasema darasa la kwanza hapa halipangwi na kompyuta. Mzazi anachukua cheti cha kuzaliwa, anakwenda kwa mwalimu mkuu, anaandikisha. Sawa. Ila tangu elimu bila malipo ianze, yaani 2016, madarasa yamefurika, na kila mzazi anaifukuzia shule ile yenye sifa. Taarifa za wanafunzi zimeshaingia kwenye mifumo ya kompyuta. Muuzaji wa programu hayuko mbali, tena atakuja na projekta na soda.

Na kuna hoja ninayoiheshimu: afadhali kompyuta, haipokei kimemo cha mheshimiwa wala haiombi ya chai. Kweli, haiombi. Lakini kuna mtu aliyeamua kwamba umbali una uzito kuliko ndugu wawili kusoma shule moja, na huyo mtu simjui. Kimemo angalau nilikuwa najua kimetoka ofisi gani.

Muda unanikimbia. Boston, Marekani, kwa haraka. Utaratibu wao wa zamani wa kupangia watoto shule ulijaza kwanza walioiandika shule kuwa chaguo la kwanza. Ukikosa la kwanza, unakuta la pili limeshajaa. Wazazi wajanja wakawa wanaandika kwa hesabu, siyo wanachokitaka; waliosema ukweli wakaumia. Mwaka 2005 wakauacha, wakachukua njia iliyotokana na kazi ya wanahisabati Gale na Shapley ya 1962: shule inamshikilia mtoto kwa muda tu, mpaka wote wamalize kuomba, kwa hiyo ukikosa la kwanza, la pili halijafungwa, na kusema ukweli hakukuponzi. Shapley na mchumi Alvin Roth walipata Nobel ya uchumi 2012. Vijana wa kompyuta, hilo kalisomeni wenyewe, linapendeza. La watoto wenye ulemavu nilitaka kulisema kwa kirefu, nitaliomba siku nyingine.

Ninachowaomba maafisa elimu ni kitu kimoja. Siku mkiletewa programu ya namna hii, kabla ya kusaini, chagueni mtaa mmoja wa mlimani. Mwenyekiti wa mtaa awatembeze kwa miguu, saa ya shule, msimu wa mvua, kutoka kila nyumba hadi shule iliyopangwa. Kisha mlinganishe dakika zenu na kilomita zake. Muuzaji awepo, naye atembee. Akisema viatu vyake si vya kupanda mawe, basi na programu yake hivyo hivyo, airudishe alikoitoa.