Meno Matatu Nyuma: Gurudumu na Gia za Pikipiki Kuukuu ya Safari kwa Barabara za Mlima Elgon

Mafundi, madereva wa boda, na ninyi mliotoka Tororo na Busia kuja hapa Mbale jioni hii, asanteni. Pikipiki yenyewe ni ile pale, nimeweka kreti la soda chini ya injini ili gurudumu la nyuma lining'inie. Ni Kawasaki KLR650, ya aina ile ya kwanza iliyoanza kutengenezwa mwaka 1987. Silinda moja, sentimita za ujazo 651, gia tano, tangi la lita 23. Niliinunua kwa msafiri aliyekuwa amechoka na safari. Sitaki tuizungumzie kama pikipiki ya kifahari. Nataka tuhesabu meno yake.

Kijana wangu, njoo hapa. Iko nyutro. Nimepiga alama ya chaki kwenye sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, na nyingine kwenye tairi. Zungusha gurudumu mara moja tu, polepole. Ninyi wengine hesabuni alama ya mbele inapita mara ngapi. Moja... mbili... na ya tatu haikufika. Ndiyo hiyo. Mbele kuna meno 15, nyuma 43. Gawanya 43 kwa 15, unapata 2.87; huo ndio uwiano. Hesabu hii kila mmoja wenu anaiweza kwa boda yake, na namwomba akaifanye kesho asubuhi kabla ya kumwuliza muuza vipuri chochote. Muuza vipuri atakupa kilichopo rafuni.

Sasa, kiwanda kilichagua 15 kwa 43 kwa sababu gani? Kilifikiria mtu anayekimbia muda mrefu kwenye lami, anayetaka injini itulie. Kwa kilomita 100 kwa saa ukiwa gia ya tano, injini hii inazunguka kama mara 4,300 kwa dakika. Ni vizuri sana ukielekea Iganga. Lakini mimi siishi kwenye barabara ya Iganga. Mimi kila wiki napanda Budadiri, mara nyingine nazunguka nyuma ya Sipi kwenye njia za kahawa, udongo mwekundu, mvua imenyesha, nimefunga gunia nyuma. Huko gia ya kwanza ndiyo inayonihusu. Ukishusha injini mpaka mizunguko 2,000 kwa gia ya kwanza, pikipiki bado inakwenda kilomita 16 kwa saa. Jaribuni kupita na mwendo huo kwenye kona ya matope ambapo mama amekaa na ndizi zake pembeni. Haiwezekani. Kwa hiyo unabana klachi nusu, unaachia, unabana tena, mpaka unanusa harufu ya klachi inayoungua. Hiyo harufu wengi hapa wanaijua.

Na kuna jambo la mlima lenyewe. Injini ya karbureta inapoteza nguvu kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kila mita 1,000 inaondoka kama sehemu moja ya kumi. Kapchorwa, ule mji wa juu mlimani, ukiifikia, karibu moja ya tano ya nguvu ambazo injini ingekuwa nazo kule Mombasa haipo tena. Hakuna fundi wa kuirudisha. Lakini tunaweza kuipa ile iliyobaki kazi nyepesi zaidi, na hapo ndipo sproketi inapoingia.

Njia ambayo karibu kila mtu atakuambia ni hii: toa 15 mbele, weka 14. Ni rahisi, ni nati moja na washa yake, nusu saa umemaliza. Uwiano unafika 3.07, yaani gurudumu linapata nguvu ya kuvuta zaidi kwa asilimia 7 hivi. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Nikafurahi mwezi mmoja.

Tatizo nililigundua niliporudi kutoka Suam. Sproketi ndogo inaishusha cheni karibu zaidi na uma wa nyuma, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, na mimi sikuwa nimeiangalia ile plastiki inayoukinga. Ilikuwa imekatwa mpaka ndani, cheni inasaga chuma. Nilisimama pale nikiutazama ule mfereji kwenye chuma, na niliumia, kwa sababu lilikuwa kosa ambalo macho mawili yangeliona dukani.

Lakini hata ukiikinga plastiki, naomba mnisikilize kuhusu cheni. Injini inaisukuma sproketi ya mbele kwa nguvu ileile. Ukiifanya ndogo, mvuto kwenye cheni unaongezeka, hiyo asilimia 7 yote inapita ndani ya pingili za cheni kabla haijafika kwenye gurudumu. Tena pingili zinajikunja kwa pembe kali zaidi, na meno yanayobeba mzigo yamepungua. Kuna na la tatu, ambalo nililiamini baada ya kulitazama mwenyewe kwa chaki: cheni ina pingili 106, namba shufwa. Pingili zinapishana, nyembamba, pana, nyembamba, pana. Sproketi yenye meno 14, nayo shufwa, ina maana jino lilelile litaingia kwenye pingili ya aina ileile maisha yake yote. Lenye 15 linabadilishana, na uchakavu unagawanyika. Kwenye sproketi ya nyuma meno ni mengi, haidhuru sana. Mbele inadhuru.

Basi acha mbele, nenda nyuma. Gawanya 46 kwa 15. Unapata 3.07. Namba ileile! Meno matatu zaidi nyuma yanafanya kazi ya jino moja lililopungua mbele, na cheni haivutwi zaidi ya ilivyokuwa, kwa sababu ongezeko linatokea pale kwenye gurudumu, ambako sproketi pana ina mkono mrefu zaidi wa kulizungusha. Ni gharama kubwa kidogo, ndiyo. Na cheni ya pingili 106 itakuwa fupi, nunueni ya 108. Jino moja likiongezeka au kupungua, ekseli inahama kama milimita 4, kwa hiyo pingili mbili zinatosha na nafasi ya kurekebisha inabaki.

Mkifunga, legeza nati ya mbele kwanza kabla ya kutoa cheni, mwenzako akiwa amekanyaga breki ya nyuma. Msiipige nyundo na patasi. Na ulegevu wa cheni msiupime pikipiki ikiwa imening'inia kama ile. Kalisheni mtu mzito, ongezeni na wa pili kama haitoshi, mpaka ekseli, egemeo la uma na sproketi ya mbele viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inakaza kuliko mahali pengine pote. Ikiwa hapo bado ina uhai kidogo, iko salama.

Gurudumu sasa. Ukishalitoa kwa ajili ya sproketi, usilirudishe hivihivi. Raba zilizo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zinazopokea mshtuko wa cheni, zibonyezeni kwa kidole gumba. Zikiwa ngumu kama kwato, badilisheni. Beringi zizungusheni kwa kidole, msikilize. Halafu spoki: gonga kila moja kwa spana ndogo, kama mtu anayejaribu zeze. Iliyokaza inalia, iliyolegea inasema "tu". Ukiikuta iliyolegea, nyingine upande uleule zinabeba mzigo wake, na siku moja zitakatika tatu kwa pamoja ukiwa na abiria. Hapa Mbale tuna mafundi wa spoki wazuri, mikono yao imezoea magurudumu ya boda, na nawaheshimu. Ila wanapofumua gurudumu lote kubadilisha rimu, waombeni wapime kwanza rimu iko umbali gani kutoka ukingo wa habu, waandike ukutani kwa chaki. Rimu hii haiko katikati ya habu kabisa, imesogezwa upande kwa makusudi. Wakiiweka katikati kwa jicho, tairi halitafuatana na la mbele, na pikipiki itavuta upande mpaka uichukie.

Kuhusu matairi mapana nitasema kidogo. Vijana wengi wanataka tairi la upana wa milimita 140 mahali pa 130 kwa sababu linapendeza. Rimu hii ina upana wa inchi 2.5, inalibana. Tena tairi la 140/80 ni refu zaidi kwa mzingo, kama asilimia 2 na nusu, maana yake umerudisha zaidi ya theluthi moja ya faida uliyoinunua kwa sproketi. Bakini na 130/80.

Spidomita ya KLR inaendeshwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo haya yote hayaigusi. Mwenye BMW ya zamani ya shafti, inayozungusha gurudumu kwa mhimili badala ya cheni, asinifuate kichwakichwa: kule hakuna sproketi, unabadilisha sanduku lote la nyuma. R80 G/S ina meno 37 kwa 11, R100GS ina 34 kwa 11, na kebo ya spidomita inatoka kwenye giaboksi, kwa hiyo ukibadilisha itadanganya.

Naona dada pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: na siku nikienda Kampala na mzigo mwepesi, si injini italia njia nzima?

Swali zuri, dada, nilikuwa nalingoja. Kwa kilomita 100 itazunguka kama mara 4,600 badala ya 4,300. Itavumilia. Lakini mimi kwenye mfuko wa spana nina sproketi ya mbele ya meno 16. Gawanya 46 kwa 16, mtanisomea nyinyi... 2.875. Ndiyo, karibu kabisa na ile ya kiwandani. Na kwa cheni ya 108, ekseli inarudi karibu palepale ilipokuwa siku pikipiki ilipotoka kiwandani. Jioni kabla ya safari nafunga 16, nikirudi Mbale nafunga 15, nusu saa kila mara. Nimeshazileta zote mbili. Anayetaka kujaribu kufunga mwenyewe, spana hii hapa, na atafute mwenzake mmoja wa kukanyaga breki.