Waliofundisha kuchimba Verulamium

Ndugu wanafunzi, nashukuru kwa kunikaribisha. Wengi wenu mnapotafuta shule ya uchimbaji wa mambo ya kale (akiolojia) mnauliza kwanza mji utakaochimbwa, kisha ada. Nawasihi muulize na hili: watakaotusimamia walikuwa wakifanya nini kabla ya kushika mwiko wa kuchimbia? Kile mwalimu alichozoea kukitazama ndicho mwanafunzi atakachokiona udongoni.

Chukueni Verulamium, mji wa Kirumi uliokuwa hapo ilipo St Albans, Uingereza. Kuanzia 1930 ulichimbwa na Mortimer Wheeler na mkewe, Tessa Verney Wheeler, na vijana wengi walijifunzia kazi pale.

Wheeler alisomea Kigiriki na Kilatini, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikamfanya ofisa wa mizinga. Uanajeshi huo unaonekana katika uchimbaji wake: vipimo, nidhamu, kila mtu na zamu yake. Baadaye, huko Maiden Castle, ngome ya kale ya kilimani Uingereza, aliligawa eneo kwa miraba na kuacha kuta za udongo baina ya mraba na mraba bila kuzigusa. Ukiingia shimoni, ukuta huo unakuonyesha tabaka moja baada ya jingine: majivu, chokaa, vifusi, sakafu. Kila tabaka lina namba yake, na kila kigae, yaani kipande cha chungu, kinaandikwa kimetoka tabaka gani. Sarafu iliyookotwa bila kujua tabaka lake haitusaidii sana. Ikitoka chini ya sakafu ambayo haijavurugwa, tunajua sakafu ile haikutandazwa kabla sarafu haijatengenezwa.

Sasa Tessa, ambaye naona hatajwi inavyostahili. Alizaliwa Johannesburg 1893, akasoma historia University College London. Mumewe alipohamia London 1926 kuongoza makumbusho, uchimbaji wa uwanja wa michezo wa Kirumi wa Caerleon, Wales, ulibaki mikononi mwa Tessa. Kwa hiyo alifika Verulamium akiwa tayari amewahi kuendesha kambi nzima: vibarua, hesabu za fedha, vigae vya kuosha na kupanga, na wanafunzi wasiojua kitu. Mimi nasema bila kusita kwamba bila Tessa pasingekuwa na shule pale.

Kathleen Kenyon ni mmoja wa waliopita mikononi mwao. Alisoma historia Oxford, na 1929 alikwenda kwenye magofu ya Great Zimbabwe na mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson, yeye Kenyon akiwa mpiga picha. Jicho la kamera lilitangulia mwiko. Verulamium alipewa jukwaa la maonyesho la Kirumi alichimbe, na utaratibu wa tabaka alioupata hapo aliutumia Jericho kuanzia 1952 hadi 1958, mahali pa kale mno kuliko Roma.

Wheeler mwenyewe aliendelea kufundisha. Mwaka 1944 alifungua shule ya uchimbaji Taxila, mji wa kale ambao leo uko Pakistan, kwa vijana wa India, na 1955 alifika hata pwani yetu, Kilwa, akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina.

Kwa hiyo, mkiona tangazo lenye picha nzuri ya sakafu ya mozeki (mapambo ya vijiwe vya rangi) lakini wasimamizi hawatajwi, waandikieni. Ulizeni nani anajua vyungu, nani anachora ukuta wa shimo, nani amewahi kuandika ripoti akaichapisha, na nani hasa atashinda nanyi shimoni.